Kikapu cha Itoyo

Itoyo alipokipindua kikapu chake na kuona jina la kaka yake limechongwa chini, damu ilimchemka kuliko chemchemi zote za maji moto za mji wao wa Beppu, na zile huivisha mayai.

Miezi kumi na minne alikuwa akikisuka. Mianzi aliitoa darini kwa babu, imekula moshi wa jiko miaka mia na hamsini hadi ikawa na rangi ya chai iliyokolea. Alizichana chane nyembamba kiasi kwamba akipiga chafya ilimbidi azifuate kwa jirani. Na kaka yake, Genzaburo? Alikuwa akinywa sake, pombe ya mchele, na wateja.

"Kaka, nini hiki?"

"Mkuu wa nyumba ndiye hutia jina, dada. Umesahau leo?"

"Mkuu wa nyumba mwenye vidole laini kama tofu!"

"Nipe kikapu, tunachelewa maonyesho."

Itoyo aliinama, kama ilivyo desturi. Alipoinuka, lile kopo la mwanzi linalokaa ndani ya kikapu na kushika maji ya maua lilikuwa limeshaingia katika mkono wa kimono yake.

Ukumbini, jaji mkuu, Bi Kinue, aliomba kikapu kitiwe ua. Genzaburo akachomeka ua la zambarau, akamimina maji kwa madaha, bila kuchungulia. Maji yakapita moja kwa moja mpaka mapajani pa Bi Kinue.

"Mwanangu," alisema bibi huyo akijikung'uta, "hata mtoto anajua kwamba pakacha haliteki maji."

"Kopo… lilikuwamo!"

"Hili hapa," Itoyo akalitoa. "Si umekisuka wewe? Haya, litie."

Shingo ya kikapu ilikuwa imepinda. Genzaburo akasukuma, akazungusha, jasho likamtoka, akasukuma tena mpaka chane moja ikalia.

"Acha! Utanivunjia!" Itoyo alifoka mbele ya wageni wote, yeye ambaye hajawahi kumpandishia kaka yake sauti hata jikoni. Akamnyang'anya kopo, akalilaza, akalizungusha kushoto. Likateleza ndani kama samaki mkunga.

Bi Kinue akamsogezea kisu. "Futa hilo jina, uchonge lako."

"La kwake silifuti, bibi," Itoyo alisema, akikipokea kisu. "Nachonga langu pembeni yake. Kila atakayekipindua ajue nani alisuka, na nani alikulowesha."