Mkanda wa Kiraka

Wateja walimwita Mzee Pindo, kwa sababu suruali yoyote iliyopita mikononi mwake ilitoka na pindo lililonyooka, hata kama mwenye suruali hakunyooka. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mlangoni, meza ya kukatia, pazia, na nyuma ya pazia kitanda alichokuwa akilala na mkewe.

Katika ndoa yao yote, Mzee Pindo hakuwahi kutunga uzi. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe. Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mama yule aliketi mlangoni penye mwanga akatunga sindano za siku nzima, nyeupe, nyeusi, kaki, buluu, akazichomeka kwenye kimto kidogo. Mume alinyoosha mkono tu. Watu walimcheka kwamba amedekezwa, naye hakubisha, maana ilikuwa kweli.

Mama alifariki ghafla, mchana wa siku ambayo asubuhi yake alikuwa ametunga sindano kama kawaida. Mzee hakuzigusa. Alikipandisha kimto juu ya rafu, kando ya pasi, akanunua sindano nyingine na kujifunza uzeeni kazi ya mkewe. Macho yalikuwa yameshamtupa mkono. Aliulowesha uzi kwa midomo, akausokota, akakosa tundu, akaulowesha tena. Kile kidude cha kutungia uzi alikinunua mara moja kikakatika, akaapa kwamba vitu vya siku hizi ni vya kuuzia wajinga.

Kiraka alikuja msimu wa mvua uliofuata. Mbwa mwembamba wa mtaani, sikio moja limeliwa, doa jeupe mgongoni kama nguo iliyotiwa kiraka. Alijikunja chini ya cherehani, juu ya miguu ya mzee. Mzee aliwaambia majirani kwamba mbwa si wake, anajikinga mvua tu. Mvua hiyo ilichukua miaka saba.

Mwenye bucha ng'ambo ya barabara alikuwa mtu wa moyo mkunjufu. Kila alasiri alileta maini na mapafu yenye vifuko vya maji, yale ambayo mteja akiyaona hugeuza uso, akasema, "Mpe mwenzako." Mzee aliyakatakata, na Kiraka akala mpaka akalamba sakafu. Kisha kazi ikaendelea. Mkono ulishuka ukamkuna mbwa nyuma ya sikio, ukapanda ukashika uzi, uzi ukaenda mdomoni. Ilikuwa hivyo kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Mtu mwenye watu nyumbani angeambiwa, "Wewe, nawa mikono." Mzee Pindo hakuwa na wa kumwambia.

Alikuwa na binti, ndiyo, mbali, aliyepiga simu kila wiki na kumhimiza ale. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyejua kama mzee amelala bila kula alikuwa mbwa.

Maumivu yalipomkaa chini ya mbavu za kulia, akayapa majina yote ya uzee: gesi, uchovu, kukaa sana. Mwishowe alikwenda hospitali akapigwa picha ya tumbo. Daktari, mama mpole wa makamo, alimwonyesha doa jeusi la mviringo ndani ya ini. Alimweleza kwamba ni kifuko cha maji, kimekua polepole kwa miaka. Ndani yake kuna tegu mchanga. Tegu mwenyewe, mdogo kuliko punje ya mchele, huishi utumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya, kutoka hapo ni mkononi, na kutoka mkononi ni mdomoni. Mbwa naye humpata kwa kula nyama za ndani zenye vifuko kama hicho. Mzee atakunywa vidonge kwanza, kisha maji yatatolewa. Atapona.

Halafu daktari akauliza, "Mzee, unafuga mbwa?"

"Sifugi," alisema Mzee Pindo.

Lilimtoka kabla hajafikiri. Alidhani anamficha Kiraka. Daktari akaitikia kwa kichwa, akasema hata hivyo wagonjwa wa mtaa ule wamezidi, na Jumatatu bwana mifugo atapita. Mbwa mwenye mkanda shingoni, na mtu wa kusimama akasema ni wake, atapewa dawa na kubaki. Wasio na wenyewe watachukuliwa. Wapi, daktari hakusema. Mzee akataka kurudisha neno lake, lakini mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia.

Alipofika mtaani alimsimulia mwenye bucha. Yule bwana, kwa mazoea yake ya utani, akaanza, "Ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni..." akakatiza, kwa kuwa alikumbuka nani alikuwa akileta maini. Uso ukamshuka. Aliahidi kwamba kuanzia leo vyenye vifuko vitachomwa moto. Kisha akauliza kwa nini mzee asiseme tu kwamba mbwa ni wake.

Kwake lilikuwa jambo jepesi. Mzee Pindo alikuwa ameshawahi kumwita mtu wangu, akamzika. Kwa miaka saba alisema "si wangu" ili siku mbwa akifa asiwe amefiwa. Na simuni binti alikuwa amesema, "Baba, afadhali aondoke. Mbwa ni mbwa tu." Mzee aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia kwamba anaogopa.

Jumatatu asubuhi alinawa mikono kwa sabuni, akakata kipande cha turubai kilichobaki kwenye kazi ya mabegi, akakikunja mara mbili. Kilikuwa kinene, sindano ya cherehani ikavunjika. Basi ni mkono. Akachukua sindano nene na uzi, akaupeleka mdomoni, akasita. Kiraka alikuwa chini, kichwa juu ya miguu yake, kama siku zote.

Alijaribu uzi mkavu. Ncha ilichanuka, ikapita kando ya tundu. Akaikata, akajaribu tena, ikapita kando tena. Mwisho wa barabara gari lilisimama, mbwa wakabweka, mmoja akalia, akanyamaza.

Mzee Pindo aliinua macho kwenye rafu.

Alikishusha kimto, akakipuliza vumbi. Sindano zilikuwa pale kama zilivyoachwa, kila moja na uzi wake, ncha zimekatwa sawasawa kwa meno ya mkewe. Alichagua ile nene, yenye uzi wa kaki.

"Niwie radhi, mama," alisema, akaichomoa.

Alilia akishona, na hakujificha, maana hapakuwa na mtu wa kumficha. Uzi ulikuwa mgumu kidogo kwa kukaa, lakini haukukatika. Ulitosha pande zote mbili, ukabaki wa kufungia fundo tu. Alimvika Kiraka mkanda, akarudi kunawa.

Bwana mifugo alifika mlangoni na glavu ndefu na fimbo yenye kitanzi. Akamtazama mbwa, akamtazama mzee.

"Huyu ana mwenyewe?"

"Ni wangu," alisema Mzee Pindo. Akarudia. "Ni wangu mimi."

Bwana mifugo akaweka fimbo chini. Alitoa kidonge, akaeleza: mbwa afungwe siku chache, kinyesi kichomwe, asile tena nyama mbichi, dawa irudiwe kila mzee atakapoambiwa amlete, na mzee anawe mikono kila akimgusa. Mzee aliitikia yote kama mtoto anayepewa masharti ya zawadi. Kisha yule bwana akainama kuukagua mkanda, akapitisha kidole juu ya mishono.

"Kazi safi hii. Umeshona mwenyewe?"

"Tumeshona na mke wangu."

Bwana mifugo akavua kofia, akachungulia ndani ili amsalimie mama. Aliona kiti kimoja, kikombe kimoja, na kimto chenye sindano zilizokwisha kutungwa.