Tabaka la Nje

Chumba cha hadubini hakikuwa na dirisha. Mlangoni palitundikwa pazia zito jeusi ili mwanga wa ushoroba usipenye, na aliyeingia alilazimika kusimama kidogo mpaka macho yazoee. Saa nne asubuhi Daktari aliweka chini ya lenzi kipande chembamba cha tezi ya maziwa ya panya, akazungusha kifundo cha hadubini polepole, na mti ukajitokeza.

Ulikuwa mti kamili. Shina lake lilianzia kwenye chuchu, likagawanyika kuwa matawi, matawi yakazaa vitawi, na kila kitawi kilikuwa mfereji wenye ukuta wa tabaka mbili. Seli za ndani hutengeneza maziwa. Seli za nje, ndefu na nyembamba, huzikumbatia za ndani na kuzikamua ili maziwa yasafiri. Hazipokezani kazi. Hata hivyo zote zilitokana na kifundo kimoja cha seli shina ambazo, panya angali tumboni mwa mama yake, zilikuwa hazijaamua lolote. Yoyote kati yake ingeweza kuwa ya ndani au ya nje. Kisha ziliamua, na tangu hapo za ndani zikazaa za ndani, za nje zikazaa za nje, mpaka mwisho wa maisha ya panya. Daktari alikuwa amelitazama jambo hili kwa miaka mingi, na bado kila alipolitazama alisahau kuvuta pumzi. Hakuwa mtu wa kusahau mambo.

Kazi yake ilikuwa kutia alama. Alichagua seli moja, akaitia rangi ya kijani isiyofutika, na seli ile ikawarithisha watoto wake rangi, nao wakawarithisha wajukuu. Rangi iliyotiwa baada ya uamuzi huonekana katika tabaka moja tu. Iliyotiwa kabla huonekana katika zote mbili. Mpaka sasa haijapatikana njia bora zaidi ya kujua nani ni mtoto wa nani.

Siku chache kabla ya familia kupigwa picha, Baba alifika maabara. Alikuwa jaji mstaafu, aliyetumia maisha yake ya kazi kuamua mrithi halali ni yupi, na alitaka kuona kile ambacho binti yake wa pekee alikifanya badala ya kuolewa.

"Nitajuaje kwamba hiyo rangi inarithiwa?" aliuliza.

"Si nimekuonyesha, Baba."

"Umenionyesha panya. Panya hajala kiapo. Nitie mimi."

"Kwa mtu mzima haifanyi kazi. Inatakiwa itiwe mapema mno."

"Basi haina madhara. Nitie."

Daktari alimdondoshea tone moja kwenye kidole gumba. Kwa mujibu wa yote yanayofahamika, hakukupaswa kutokea kitu. Rangi hushuka na uzao ujao. Haiwezi kuwafikia watoto waliokwisha kuzaliwa. Kesho yake iliwafikia.

Daktari alikuwa chumbani mwa hadubini alipoona juu ya meza mwanga ambao haukutoka kwenye hadubini. Ulitoka kifuani mwake. Nyuma ya kitambaa cha blauzi, kila upande, mti wa kijani ulikuwa umechanua kutoka kwenye chuchu kuelekea kwapani, matawi yake membamba kuliko uzi, na kila ncha ikiwa na kichipukizi kilichowaka peke yake. Aliuchunguza kwa kioo cha kukuzia. Tabaka zote mbili zilikuwa za kijani. Alama, kwa hiyo, ilianzia kwa mtu aliyekuwapo kabla ya jambo lolote kuamuliwa. Alisimama pale kwa muda mrefu, akijitazama kama mtu aliyeonyeshwa jengo ambalo amekaa ndani yake maisha yake yote bila kuliona. Kisha akafunga kifungo cha juu na kuendelea na kazi, maana panya hawakuwa na habari.

Nyumbani, sebule ilifungwa mapazia mchana kutwa kwa sababu ya macho ya Baba, ambayo mwanga uliyaumiza. Katika giza lile Baba alionekana na vijiti viwili vifupi vya kijani, kimoja kila upande wa kifua. Wanaume nao huanzishiwa mti huo, kisha huachwa. Mama hakuwa na kitu, na hilo lilikuwa sawa, kwa kuwa hakuwa na damu ya mumewe.

Pasi aliingia na sinia la chai.

Huyo aliletwa katika nyumba ile akiwa mtoto, na alikabidhiwa pasi kabla hajakabidhiwa kitanda. Jina likatokea hapo. Umri wake na wa Daktari ulipishana kwa miezi michache, jambo ambalo halikupata kujadiliwa. Alilala katika chumba cha nje, nyuma ya jiko. Alimwita mwenye nyumba "Mzee". Sasa, kifuani pake, miti miwili ya kijani iliangaza mpaka birika likaonekana maua yake, na matawi yalipinda mahali palepale yalipopinda ya Daktari.

Mama aliitazama ile miti, akamtazama mumewe, kisha akatazama bakuli la sukari.

"Pasi, chai umeiacha ikapoa."

"Inachemka hii, Mama."

"Basi ni mimi niliyepoa."

Baba alikohoa. "Avae sweta," alisema, na huo ndio ulikuwa uamuzi wake wote.

Sweta halikufaa kitu, mwanga ulipita kwenye nyuzi. Alipewa koti kuukuu la Baba, la msimu wa baridi, akawa anapika nalo.

Siku ya pili Daktari alimkuta jikoni akikausha vyombo, naye akachukua kitambaa.

"Dada," Pasi alisema, "huu mti maana yake nini?"

Lilikuwa swali lenye jibu la neno moja. Daktari alitoa jibu refu. Alieleza kifundo cha seli, tabaka mbili, maziwa na ukamuaji, na alieleza vizuri, kwa kuwa alilipenda somo lake.

"Kwa hiyo wa ndani na wa nje ni wamoja."

"Mwanzoni."

"Na nani alimpeleka huyu nje?"

"Hakuna aliyempeleka. Alijikuta pembezoni, akawa wa pembezoni."

"Hawezi kitu kingine?"

Daktari alifuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu tayari. "Anaweza. Ukimtoa pale ukampandikiza mahali patupu, anajenga mti mzima. Wa nje na wa ndani, na maziwa juu yake."

"Peke yake?"

"Peke yake. Nimeona kwa macho yangu."

"Makubwa! Sasa nini kinamzuia?"

"Wa ndani."

"Wanamfukuza?"

"Hapana. Wanamgusa tu. Kila siku wanamgusa, naye anabaki alivyo."

Pasi alicheka. "Hao mikono yao mizito kama ya Mama." Kisha akaacha kucheka. "Dada, Jumamosi na mimi nisimame kwenye picha. Hata nyuma. Hata kama kitatokea kipara cha Mzee na paji langu tu."

"Nitaongea na Baba."

Alipolisema alilimaanisha, na aliongea naye. Baba alisema yeye hakatai, aulizwe Mama. Mama alisema yeye hakatai, aulizwe Baba. Daktari alilelewa kuheshimu mamlaka ya mahakama, na hapo shauri likakwama.

Jumamosi alikuja mpiga picha, kijana mchangamfu mwenye begi zito. Aliambiwa mapazia hayafunguliwi na taa yake haiwashwi, kwa ajili ya macho ya Baba.

"Mzee, kwa giza hili labda nipige picha ya sauti," alisema. Halafu akawaona vizuri zaidi. "Aa, kumbe mna taa zenu! Basi rahisi. Wenye taa katikati. Mzee, kaa. Dada huyu kulia, na wewe dada uliye mlangoni, vua koti uje kushoto. Ndugu kabisa hawa, hata matawi yamelingana. Mama, wewe huna taa, sogea pembeni usiwakinge wenzako."

"Kijana," Mama alisema, "asiye na taa ndiye mwenye nyumba."

"Yaishe, Mama. Mwenye nyumba katikati."

Pasi alikuwa amekwisha kuvua koti. Ndani alivaa gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikawa kama karatasi. Hakusogea mbele, alingoja. Mpiga picha aliona nyuso zimenyamaza, akamgeukia Daktari, aliyekuwa karibu naye.

"Huyu ni nani yenu?"

Baba alifunga macho. Mama aliangalia kucha zake. Daktari alihisi miti miwili ikiwaka kifuani mwake, tabaka zote mbili.

"Anatusaidia kazi," alisema. Halikuwa neno la uongo.

"Basi, dada, tusaidie," mpiga picha alisema bila ubaya wowote. "Simama pale kushoto, nje kidogo ya picha, taa yako iwaangukie. Sogea. Sogea. Hapo hapo."

Pasi alisimama alipoelekezwa. Vichipukizi vya miti yake vilifunguka kimoja baada ya kingine, mamia yake, kama ziwa linapojiandaa kwa mtoto, na mwanga ukajaa sebule hadi pembe za dari, mwanga ambao haukuacha kivuli kikali popote. Uso wa Baba ulionekana wote, kila mkunjo. Alifumbua macho, na hayakumuuma. Hakuyaelekeza kushoto, kwa kuwa mpiga picha alikuwa amemwomba atazame mbele.

Picha ile ilitundikwa sebuleni. Watu watatu wamekaa, wametulia, wamependeza kuliko walivyo. Wageni hukisifu sana kile kijani chepesi kilichowaangukia mashavuni, na wenye ujuzi wa mambo hayo huuliza nuru nzuri namna ile ilitoka wapi.

"Kushoto," Mama huwajibu, na Pasi huwaletea chai.