Simu Ndani ya Pamba

Mume wangu Ngassa ni mwandishi. Nalisema hilo kwa fahari, ingawa mwaka ule simu za mkononi zilipoingia Bariadi nilikaribia kumwita karani wa simu. Alikuwa anaandika kisa cha marehemu baba yake, mcheza ngoma aliyevuma mpaka Maswa, na aliyekuwa akikisubiri ni mama mkwe wangu, Nyanjige, ambaye sote tulimwita mayu, yaani mama. Masikio ya mayu yalikuwa yanaziba. Kila akija kutoka Nkoma alimwambia mwanawe, "Nisomee ningali nasikia." Mtu hasemi neno kama hilo kwa mzaha.

Lakini wapi! Ngassa alikuwa wakala wa kununua pamba. Tangu kampuni za watu binafsi ziruhusiwe, bei ilipanda asubuhi ikashuka jioni, na bosi wake wa Mwanza hata akikohoa alipiga simu. Na Msukuma hapigi simu akaanza na shida yake. Ataulizia wazee, watoto, ng'ombe na mvua, kisha vocha inakwisha na shida yenyewe hujaijua. Ngassa anarudi mezani, anauliza alikuwa amefika wapi. Isipolia, anaichukua mwenyewe acheze ule mchezo wa nyoka. Mtu mzima na ndevu zake!

Siku moja mayu alifika, nikamuuliza habari za safari, akanijibu kwamba kuku wamepona. Nilikwenda jikoni nikalia. Nilipomaliza kulia nikapandwa na hasira. Nikaichukua simu, nikaiviringisha kwenye kanga yangu, nikaizamisha katikati ya lundo la pamba ghalani. Pamba inameza sauti. Ilie itakavyo.

Ngassa aliitafuta mpaka chini ya kuku aliyeatamia. Akanuna. Alipokosa la kufanya akakaa, akaandika. Nilikuwa napeleka uji na kuondoka kwa kunyata, nikiutazama mgongo wa kijana aliyenichumbia kwa barua tamu kuliko ng'ombe wote aliowatoa. Nilimpenda upya, kununa kwake na vyote.

Kisa kilipokamilika, siku ya tatu, akamketisha mayu uani, akaanza kusoma, akikigeuza Kisukuma papo hapo kwa sauti ya kuita ng'ombe. Mayu akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainama mbele. Sikuwa nimewaza kwamba lori la kiwanda lingekuja siku hiyohiyo kuchukua pamba. Vibarua wakaingia ghalani, na mara Mayige, kiongozi wao, akatokea amebeba kanga yangu, nayo inaita.

Ngassa akaifungua. Alikuwa bosi. Wakala asiyepokea simu msimu wa pamba huamka akakuta mizani yake ya kupimia imepewa mwingine, hilo tulilijua sote. Ikaita, ikaita. Nikamwona anamtazama mama yake. Mayu hakugeuka. Simu ilikuwa inalia hatua mbili kutoka kwake na hakuisikia kabisa.

Ngassa akaiviringisha tena, akanipa.

"Mama Shida, irudishe ulikoificha."

Nikaipeleka ghalani kwenye pamba iliyobaki, nikaisukuma chini, mkono ukazama mpaka begani. Niliporudi, mayu alikuwa anamvuta mwanawe shati.

"Baba yako ameshaingia uwanjani?"

"Ndiyo anaingia, mayu," Ngassa akapaza sauti. "Anaingia sasa hivi."