Mama Mkubwa Aingia Mjini

Bwenini walimwita Mama Mkubwa, na jina lilimkaa kama kiatu cha saizi yake. Wenzake wa mwaka wa pili wa uuguzi walikuwa rika la wanawe. Yeye nusu ya maisha yake alikuwa msaidizi wodini, akiogesha wagonjwa na kutandika vitanda, mpaka mumewe alipofariki na watoto wakashika njia zao. Ndipo akajiambia elimu haina mwisho, akafunga mizigo, akaja chuoni. Na alikuja kusoma kweli. Alijua darasa, maktaba na kitanda chake. Mji wenyewe aliuona dirishani mwa basi siku aliyofika, yakaishia hapo.

Kitanda cha pili chumbani mwake kilikuwa cha binti mmoja mwembamba ambaye chuo kizima kilimwita Kijiti. Jumamosi moja Kijiti aliamka, akamkuta mwenzake ameinamia vitabu tangu alfajiri. Akanyoosha mkono, akakifunga kitabu.

"Mama Mkubwa, leo tunakwenda mjini."

"Kufanya nini? Mimi huko sijapoteza kitu."

"Basi ukapoteze. Kaupoteze huo uso wa mtihani."

Alikataa, akabembelezwa, akanuna, akavaa.

Walianzia kwenye uchochoro wa maduka, ule uliofunikwa kwa vioo juu, ambako nguo zilining'inia mpaka usawa wa vichwa na kila mwenye duka alikuwa na muziki wake. Kijiti alimvuta mpaka kwenye duka la kofia, akamvika moja pana yenye ua ubavuni. Mama Mkubwa alijitazama kwenye kioo.

"Nimekuwa uyoga," alisema.

"Mama, imekupendeza!" muuzaji akadakia. "Mwanao anajua kuchagua."

"Huyu si mwanangu. Tunasoma darasa moja, na kwenye mtihani haniruhusu hata kuchungulia."

Muuzaji alicheka mpaka akasahau kutaja bei. Hawakuinunua kofia. Walinunua skafu mbili za rangi ya chungwa, wakazifunga shingoni palepale, wakatoka kama mapacha waliopishana miaka thelathini.

Mtaa wa pili kulikuwa na jumba la sanaa, na wanafunzi waliingia bure. Ndani kulikuwa kimya, sakafu inang'aa. Kijiti alipita haraka, akitoa alama kwa kila mchoro kama mwalimu. Alipogeuka, mwenzake hakuwa nyuma yake. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya mwanamume aliyesinzia kitini, viatu bado miguuni, gazeti limemtelezea magotini. Hivyo ndivyo mumewe alivyokuwa akilala kila akirudi kazini. Mama Mkubwa hakulia. Alisimama tu, kama mtu aliyesita kumwamsha mwenzake. Kijiti alirudi, akamtazama usoni. Akaketi kwenye benchi akimsubiri, na hakumharakisha.

Walipotoka, jua lilikuwa kali na njaa imewashika. Walikula viazi vya kukaanga kwenye ngazi za ukumbi wa maigizo, na hapo Kijiti akaona tangazo: mchezo wa kuchekesha, alasiri hiyohiyo, wanafunzi nusu bei.

Dirishani, mkata tiketi alikigeuza kitambulisho cha Mama Mkubwa juu chini.

"Hiki ni cha nani?"

"Changu. Na mtihani wa takwimu nilioufeli ulikuwa wangu vilevile."

Wakapewa tiketi.

Ukumbi ulikuwa na viti vitupu vingi kuliko watu. Mchezo ulihusu bwana mmoja aliyejificha chini ya kitanda akimkimbia mama mkwe wake, naye mama mkwe, asijue hili wala lile, akaja kujilaza juu ya kitanda hichohicho kusimulia ubaya wa mkwe. Watu walitabasamu kistaarabu. Kisha kitanda kikabonyea, bwana akaguna, na Mama Mkubwa akacheka.

Kicheko chake kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikakosa breki. Alijiziba mdomo kwa skafu, kikatokea puani. Safu ya mbele wakageuka, wakamwona, wakaanza kucheka nao. Mwigizaji akachomoza kichwa chini ya kitanda.

"Mama, nakuomba! Mama mkwe wangu atanisikia!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Tangu hapo hakuna aliyecheka kistaarabu tena, na waigizaji nao wakacheza kama waliokunywa dawa ya nguvu.

Mchezo ulipokwisha, Mama Mkubwa alitaka kutoroka kwa aibu. Alishafika mlangoni wakati yule bwana wa chini ya kitanda alipomkimbilia, jasho linamtiririka, poda nusu uso.

"Mama, usiondoke. Ni wewe uliyecheka?"

"Nisamehe, baba. Nimekuharibia kazi."

"Umeniharibia? Tangu tuanze mchezo huu tunavichezea viti. Leo tumechezea watu. Ahsante sana, mama."

Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mama Mkubwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akishukuru wengine, hakujua pa kutazama.

Nje alimkumbatia Kijiti mpaka skafu zao zikafungana. "Mungu akuzidishie, mwanangu," alisema. Kisha akaketi kwenye ngazi, akampigia binti yake mkubwa.

"Mama, kuna nini? Unalia?"

"Silii. Ngoja nikusimulie. Kulikuwa na bwana mmoja, akaingia chini ya kitanda…"

Hakufika mbali. Kila akianza, kicheko kilimkaba. Upande wa pili wa simu binti yake, ambaye hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu siku ya msiba, alianza kucheka naye, wala hajui wanachekea nini.