Bibi wa Mlangoni

Supu ilimpalia Muradi, mume wa dada yake Zhor, akakohoa huku akicheka, macho kwenye televisheni. "Shemeji, utatuua na futari vinywani."

Kwenye kioo cha televisheni Zhor alikuwa kikongwe mwenye kitambaa kilichokaa upande. Mlango ulipobishwa, kikongwe alikurupuka, akafuta mikono kwenye gauni, akasema kwa sauti nyembamba, "Fungueni taratibu, huenda ni yeye." Akaingia muuza maziwa. Vicheko.

Zhor mwenyewe, mkabala na mama yake, Lalla Yamina, hakuinua uso kutoka kwenye bakuli.

Miaka mingi jukwaani hapo mjini Konstantini alikuwa ameigiza vijakazi, wapambe wa maharusi, hata maiti. Marehemu baba yake aliwaambia watu binti yake ni mshonaji. Mwaka huu ndipo alipopata nafasi katika kichekesho cha Ramadhani, kile ambacho nchi nzima hukitazama ikifuturu. "Tia kitu chako, Zhor," mwongozaji alimwambia. "Hiki kilichoandikwa hakichekeshi." Naye hakuwa na chake. Akachukua cha mama. Tangu Nadir, kitindamimba wake, apande boti kuelekea Sardinia na asisikike tena, Lalla Yamina hakuwahi kusikia mlango ukibishwa akabaki ameketi.

Wapiga picha walicheka hadi machozi. Aibu ilimjia Zhor siku ile ile, akaimeza, maana ilikuja imechanganyika na makofi.

"Huyu bibi ni nani?" mama aliuliza.

"Mimi, mama."

"Wewe nakujua, nimekuzaa. Nauliza bibi ni nani."

Muradi aliacha kutafuna.

"Wa kubuni tu."

"Haya." Lalla Yamina alimega mkate. "Umempatia. Ila mikono hafuti ovyo hivyo. Anafuta sana vidoleni. Hataki kumpaka mtoto unga."

 

Mlango ukabishwa.

Lalla Yamina aliinua goti. Akaitazama televisheni, akalishusha, akachukua kijiko. "Nenda wewe."

Zhor alikwenda. Nje, jirani yao Fatiha, aliyezoea kuwaletea sahani ya zalabia tamu, alikuwa ameshaibana sauti yake ikawa nyembamba: "Fungueni taratibu, huenda ni yeye." Binti zake wakaangua kicheko ngazini. "Msanii wetu, toka tukuone."

Zhor aliufungua mlango upana wa sahani tu, akatoa mkono, akaipokea.