Mtambo wa Joto wa Verlyn

Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, Verlyn alifungua mtambo wa gesi unaopasha nyumba yake joto ili aufute vumbi. Alipojaribu kuuwasha, ukagoma. Akawaita jirani yake, Duane, na shemeji yake, Orrin. Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, kuita fundi ni aibu.

"Gesi imeganda," alisema Duane, akigonga bomba.

"Wewe hata jiko la kuchomea nyama linakushinda," alisema Orrin, akipuliza mahali pa kuwashia.

Walibishana mchana kutwa, makoti mwilini. Marlys, mke wa Verlyn, aliposhuka na kahawa hadi chumba cha chini ya nyumba walikokuwa, alichoka kuutazama mtambo ulioachwa matumbo nje. Akaurudishia mfuniko wake. Kitufe cha usalama kikabonyea ndani, na moto ukawaka.

"Umeona? Dawa yake ilikuwa kuugonga," alisema Duane.

"Kuugonga wapi! Ni pumzi zangu hizo."

"Hauwaki ukiwa wazi, jamani," alisema Marlys.

"Subiri kidogo, mke wangu," alisema Verlyn. "Tunazungumza mambo ya mitambo."

Marlys akanywa kahawa yake, kisha akanywa na ya Verlyn.