Kuku wa Eustadia

Vumbi lilikutangulia, Eustadia. Lilipanda kutoka njia ile ya zamani, walikopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani, likaruka ua wangu, likatua kwenye chungu cha maharage. Nyuma yake ukaingia wewe, mke mpya wa mwanangu Hilari, na tenga la kuku watatu kutoka kwenu Goweko.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu." Uliniita mama, mdomo ukakuitikia. Macho yalikuwa kwenye tenga.

Usinilaumu. Mke wa kaka yake Hilari alipanda treni kwenda Tura kumsalimia mama yake, na mpaka leo anasalimia. Hilari naye yuko kazini relini, haonekani ila mwisho wa mwezi. Ukiondoka wewe, nabaki na kuku. Kwa hiyo nilikutazama.

Kwetu kuku mgeni huzungushwa mafiga kwanza, moto umjue, ndipo hufungwa kamba mguuni mpaka apazoee. Nikawabeba kuku wako mmoja mmoja, nikawazungusha, nikawaambia, "Hapa ndipo kwako, hapa ndipo kwako." Kisha nikawafunga kwenye nguzo ya ghala. Koplo, kuku wangu mkuu, aliyepewa jina na Hilari aliporudi kutoka vitani Burma, akaja kuwakagua kifua mbele.

Asubuhi nikakuta kamba zimefunguliwa. Nikafunga. Jua kupanda, zimefunguliwa tena! Na wewe umekaa kizingitini, unaziba matundu makubwa ya tenga. Ahaa! Tenga la safari ya wapi, binti? Nilikutazama.

Nikakufuma umepiga magoti nguzoni, fundo liko kwenye meno.

"We Eustadia! Unawapeleka wapi?"

Ukageuka. Mikononi mwako kuku mwekundu, kichwa kinavuja damu.

"Siwapeleki popote, mayu. Koplo anawadonoa. Aliyefungwa akidonolewa, atakimbilia wapi?"

Ukawafunika kwa tenga. Wao ndani, Koplo nje, wanaonana, na mdomo wa Koplo haufiki. "Wazoeane kwa macho kwanza," ukasema, nawe yako ukayashusha chini.

Ee Mungu wangu. Na wewe, nani kakudonoa tangu uje? Ugali wako mgumu, nilisema. Ufagio wako mzito, nilisema. Hata ulipocheka nilikuuliza unacheka nini. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kuku wako niliwazungusha mafiga. Wewe sikukuzungusha.

Nilikutazama, safari hii usoni. Nikakushika mkono, nikakuingiza jikoni. Tukazunguka polepole, mimi mbele, wewe nyuma, unacheka huku unalia. "Hapa ndipo kwako," nikasema. "Hapa ndipo kwako."

Siku zikapita, na Koplo alipokubali kuoga vumbi shimo moja na wageni, mimi jikoni nilikuwa bado sijafagia. Vumbi la njia lilikuwa limelala kuzunguka mafiga, lina nyayo zako.